Mti Unaohesabu Usiku

"Jajja, kwa nini Mungu hakutupa sisi matufaha?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo katikati ya mwaka 2021, akiwa na miaka sita. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona tangu Machi 2020, na hazikuja kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Basi mimi, mwalimu mstaafu, nilimtandikia mkeka barazani kwetu Kibuli nikamfundisha mwenyewe. Ukutani nilibandika chati ya alfabeti ya Kiingereza. Herufi ya kwanza ina picha ya tufaha jekundu lenye jani moja. Watoto wengi wa Kampala huanza kusoma kwa tunda ambalo hawajawahi kuliona mtini. Hulikuta sokoni Nakasero, limepangwa kwenye trei, limesafirishwa kutoka Afrika Kusini. Mtoto akageuka akatazama uani: mfenesi upo, ovakado upo, migomba mitatu ipo, na ng'ambo ya ukuta upo mjambula wa jirani. Kilichokosekana ni kile kilichotangulia kwenye chati.

Ananiita Jajja kama watoto wote wa hapa, ingawa mimi ni mtu wa Tanga na nilijitahidi sana kumzoesha Bibi. Nilimjibu haraka: Mungu ametupa mengi, tumshukuru. Akanyamaza. Nilimwona hakuridhika, na mimi pia moyo wangu haukutulia. Shukrani ni wajibu, lakini mtoto hakuuliza kuhusu wajibu. Aliuliza swali ambalo watu wa dini tumelizunguka tangu zamani. Je, neema imegawanywa kwa upendeleo? Je, kutamani tunda la nchi nyingine ni kuikufuru neema ya kwetu? Na mti ukipandwa pasipo pake ukakosa kuzaa, lawama ni ya nani: ya mti, ya mpanzi, au ya kadari?

Sikuweza kulikwepa swali hilo, maana nyuma ya nyumba yetu umesimama mti wa tufaha.

Tuliupanda mwaka 2012, mimi na marehemu mume wangu. Kiwanja chetu ni kile cha kawaida cha Kampala, futi 50 kwa 100, na nyumba imekula sehemu kubwa. Bustani ni pembe ya nyuma tu. Mume wangu alikuwa Muganda aliyekimbilia Tanzania wakati wa Idi Amin, akanioa Tanga, akanileta huku mwaka 1983. Alitaka mti wa tufaha tangu ujana wake. Mchuuzi mmoja wa miche kando ya barabara alituuzia mche uliofika kiunoni, akatuahidi kwamba mwaka wa tatu tutakula. Nilimuuliza ni wa aina gani. Akasema, "Ni tufaha tu, Mama."

Mwaka wa tatu ukapita, na wa nne ukapita. Mti ulirefuka ukachungulia juu ya ukuta. Matawi yake yalikuwa matupu kuanzia shinani, na majani yamekusanyika nchani kama ufagio. Ua halikutoka hata moja. Tulitia samadi ya ng'ombe, tukapogoa, tukaunywesha maji kila kiangazi. Mwaka 2016 mume wangu akasema, "Mti huu ni tasa. Tuukate tupande mpapai." Nikamwomba aupe mwaka mmoja. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyetutoka, na mti ukabaki. Sikuwa na moyo wa kukata kitu alichokifukia kwa mikono yake.

Mwaka 2018 nyumba ya jirani ilipata mwenyeji mpya, mzee wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, bwana shamba mstaafu. Wazazi wake walikuwa Walokole, watu wa ule uamsho wa Kikristo uliofika Kabale mwaka 1935. Yeye husali kanisani Namirembe, mimi husali msikitini Kibuli. Siku za Idi nampelekea pilau, na kila akitoka kwao huniletea gunia dogo la viazi. Wiki ya kwanza tu aliuona mti juu ya ukuta, akaja kuniuliza habari zake. Nikamwambia ni tasa.

"Hajati," akasema, "nani kakwambia huu ni tasa? Mti huu haujalala tangu uzaliwe."

Akanieleza, nami nilikaa kama mwanafunzi. Mtufaha ni mtoto wa milima ya Asia ya Kati. Mababu zake wa mwituni bado wanamea kwenye miteremko ya Tian Shan, huko Kazakhstan. Kule baridi huua. Jua la siku mbili tatu likiudanganya mti uchanue katikati ya majira ya baridi, barafu hurudi ikayachoma maua yote, na mwaka mzima umepotea. Kwa hiyo mti umewekewa hesabu ndani yake. Macho ya matawi hujifunga yakalala, na yakiwa usingizini yanahesabu saa za baridi, zile zilizo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Hesabu isipotimia, mti hauamki sawasawa hata jua liwake namna gani. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa zaidi ya 800, na baadhi hupita 1,000. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na ikweta, na usiku wetu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 15. Mti wetu ulikuwa umehesabu kwa miaka sita, na jumla yake ilikuwa sifuri.

"Shida yake si udongo," mzee akasema, "wala si samadi. Shida yake ni usiku."

Nikamuuliza kama ina maana tufaha haliwezekani kabisa Uganda. Akatikisa kichwa. Kwao Kigezi, kwenye vilima vilivyopita mita 1,800, watafiti wa kituo cha Kachwekano karibu na Kabale wamekuwa wakiwahimiza wakulima kupanda matufaha tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini hawapandi "tufaha tu". Huchagua aina zinazohesabu kidogo. Mojawapo inaitwa Anna, ambayo hutosheka na saa 200 hadi 300. Nyingine inaitwa Dorsett Golden, nayo haitaki nyingi. Tena hazipandwi moja moja, kwa kuwa mtufaha hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Hutaka mwenzi wa aina nyingine anayechanua naye wakati mmoja. Na kwa kuwa hata baridi ya Kabale haitoshi, baada ya mavuno mkulima huvua majani yote kwa mkono, tawi kwa tawi, ili mti uanze upya.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimedhani kuchagua mti ni kuchagua tunda: jekundu au la kijani, tamu au lenye ukali. Wazee wetu wa pwani walisema mchagua nazi hupata koroma, na wengi hulitumia neno hilo kumkataza mtu kuchagua. Mimi niliyekulia chini ya minazi nalisikia vingine. Kwa nje, nazi na koroma huweza kufanana. Anayechagua kwa macho ndiye anayepata koroma. Mjuzi huitikisa sikioni akasikiliza maji yake. Nazi iliyokomaa maji hucheza ndani. Koroma huwa kimya. Methali haikatazi kuchagua. Inamwonya anayechagua bila kusikiliza.

Hapo ndipo nilipolielewa neno ambalo nimelisema tangu utoto bila kuliangalia ndani: kadari. Watu hulisema kama mlango uliofungwa. Imekadiriwa, basi, nyamaza. Lakini kadari ni ndugu wa kadiri na makadirio, na shina lake la Kiarabu lina maana ya kupima. Kurani inafundisha kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Fundisho hilo nililisikia madrasani Tanga nikiwa na umri wa mjukuu wangu, nikalihifadhi. Kulifahamu nilikuja kufahamishwa na mwana wa Walokole, chini ya mti usiozaa. Mungu hakulinyima tufaha uzazi wala hakuinyima Kampala tufaha. Aliupa mti hesabu yake, akaupa mji hesabu yake, akampa mwanadamu akili ya kuzisoma zote mbili. Anayepanda bila kusoma, kisha akasema ni kadari, ameisingizia kadari.

Mzee jirani yangu akanikumbusha mfano wa Yesu katika Injili ya Luka, sura ya 13, wa mtini uliokaa miaka mitatu bila matunda. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyofanya mimi: niliomba mwaka, nikatia samadi. Akafikiri kidogo.

"Mtini ule ulihitaji samadi," akasema. "Wako ulihitaji kitu kingine. Huruma bila elimu, Hajati, huongeza samadi tu."

Maneno hayo yalinipeleka mbali na bustani. Yalinirudisha darasani.

Nilipofika Uganda nilianza kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana hapa mjini. Msomaji wa pwani huenda asijue Kiswahili kilikuwa na sura gani Kampala siku hizo. Kilikuwa lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani, lugha ya amri na ya kudai vitambulisho. Nikisalimia dukani kwa lugha yangu, watu walinyamaza kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye kwa mwaka mzima hakufungua kinywa katika somo langu. Masomo mengine alifaulu. Mimi nilimwongezea mazoezi, nikambakiza baada ya vipindi, na mwisho nikaandika kwenye ripoti yake kwamba ni mvivu na hataki kujifunza. Shangazi yake alikuja kuniona na ripoti ile mkononi. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba wakati wa vita vya msituni vya Luweero, mapema katika muongo ule ule, wanaume waliomchukua baba wa binti yule usiku walikuwa wakizungumza Kiswahili. Baba hakurudi.

Lugha niliyobembelezewa nayo nikiwa mtoto, kwake ilikuwa sauti ya mlango unaovunjwa. Nami kwa mwaka mzima nilikuwa nikitia samadi juu ya samadi, kisha nikamwita tasa kwa maandishi yenye saini yangu.

Niliifuta ripoti ile nikaandika nyingine. Nikamwambia asikilize tu, asiseme mpaka atakapotaka mwenyewe. Nikaacha kabisa sentensi za amri katika kufundisha. Nikaanza na vyakula, watoto wachanga, salamu za akina mama wa Tanga, vitu ambavyo hakuna askari aliyewahi kuvipigia kelele mlangoni kwake. Muhula wa pili wa mwaka uliofuata alinikuta kwenye ngazi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Sikuwa nimemuuliza neno. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, wenzangu walinipigia simu kunipongeza, nami nilishukuru. Lakini wa kwanza niliyemkumbuka ni yule binti wa ngazini. Tangazo linaweza kujaza vitabu shuleni. Imani ya watu kwa lugha hujengwa polepole, saa kwa saa, na hesabu yake kwa Uganda ilianza chini ya sifuri.

Sasa nirudi kwenye mti, kwa sababu jambo moja lilitokea ambalo lingeweza kunipotosha.

Miezi michache baada ya mzee kuhamia, ilinyesha mvua ya mawe. Ilichukua dakika kumi na tano. Ilipokwisha, migomba ilikuwa imechanwachanwa na mti wa tufaha haukuwa na jani hata moja. Nilidhani umekufa. Wiki tatu baadaye nikaona vitu vyeupe juu ya tawi la upande wa mashariki. Yalikuwa maua matano, meupe yenye wekundu kidogo kwenye kingo. Nililia pale pale bustanini. Mume wangu aliyasubiri miaka mitano akazikwa bila kuyaona.

Ni rahisi kuchukua tukio kama lile ukalifanya mawaidha: piga mti utachanua, mateso huzaa, Mungu humvua mja wake ili ampambe. Nimeyasikia hayo misikitini na nimeyasikia kwenye mazishi ya Wakristo, mara nyingi yakisemwa mbele ya mtu ambaye hana la kujibu. Siyakubali. Yale maua matano yalikaa siku nane yakaanguka. Hayakuacha tunda, kwa sababu mti ulikuwa peke yake. Na yule binti wa Luweero alivuliwa kila kitu usiku mmoja, na hakuchanua, alinyamaza.

Baganda wanao mti unaoweza kutufundisha tofauti hiyo. Mutuba ndio mti unaotoa lubugo, nguo ya gome, kazi ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa binadamu. Fundi huuvua mti gome lake lote majira ya mvua, wakati unyevu upo wa kuusaidia. Lakini haondoki akauacha uchi. Shina hulizungushia majani ya mgomba kama anayemfunika mgonjwa, na gome jipya huota chini yake. Mti mmoja huvuliwa hivyo mwaka baada ya mwaka na haufi. Mkulima wa Kigezi naye, anapovua majani ya mtufaha, ameshaulisha, ameshaupandia mwenzi, na anajua kitakachofuata. Mvua ya mawe huvua ikaenda zake. Dhiki peke yake haizai kitu. Kinachozaa ni mikono inayokuja baada yake, na mkono unaojua la kufanya. Tukimwona mtu amevuliwa na dunia, tusimhubirie habari za maua. Tumtafutie majani ya mgomba.

Desemba ya mwaka ule wa mvua ya mawe mzee alikata vikonyo sita kutoka mti wetu, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akasafiri navyo kama kilomita 400 hadi Kabale. Mdogo wake ana shamba la matuta huko, na katikati yake kuna mistari ya Dorsett Golden. Akavibebesha juu ya mashina ya huko. Wakulima wanajua kwamba tufaha halipandwi kwa mbegu ukitaka kupata lile lile. Kila mbegu ni mtoto mpya asiyefanana na mama. Kikonyo ndicho kinachobeba mti wenyewe. Kwa hiyo kilichosafiri kwenda Kabale hakikuwa mtoto wa mti wetu. Ulikuwa ni mti wetu.

Zile aina mbili za Kigezi, Anna na Dorsett Golden, nazo zina historia inayojibu sehemu ya swali la mjukuu wangu, ile ya kutamani. Anna ilizalishwa katika miaka ya 1950 na Abba Stein katika kibbutz, kijiji cha ushirika, cha Ein Shemer, Israeli, nchi ambayo nayo haina baridi ya kutosha kwa matufaha ya Ulaya. Dorsett Golden imetoka kwenye makazi ya Irene Dorsett huko Nassau, Bahamas, mahali pasipojua barafu. Watu hao wawili walitamani tunda lisilokuwa la kwao, na sioni dhambi katika tamaa yao. Hawakuulazimisha mti wa baridi ukubali joto. Walichobaki nacho ni mti ambao kipimo chake kilikaribiana na mahali pao. Kutamani si kukufuru. Kukufuru ni kutaka tunda bila kutaka kujua linadai nini.

Wala sisemi kila kitu kibaki kilipozaliwa. Ovakado hili tunaloliita letu asili yake ni Meksiko. Mfenesi umetoka India. Migomba, ambayo bila yake hakuna matooke wala hakuna Buganda tunayoijua, mababu zake walivuka bahari kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mimi mwenyewe ni mche wa Tanga. Wageni hao hawakutakiwa waonyeshe vyeti vya kuzaliwa. Walikuta hapa wanachokihitaji, wakazaa.

Basi mwaka 2021, baada ya swali la barazani, niliamua kumpandia mjukuu wangu mti wake. Nilitaka kuagiza Anna na Dorsett Golden, zote mbili. Mzee alinisikiliza, kisha akanisaidia kukadiria. Miti miwili kwenye pembe ya hatua chache. Kuvua majani kila msimu, kwa mwanamke aliyepita miaka sitini na mtoto wa miaka sita. Na baada ya yote, usiku wa Kampala ungebaki kuwa usiku wa Kampala. Tungeambulia matunda machache madogo, pengine. "Utakuwa unaupenda," akasema, "lakini utakuwa unaudai kila siku."

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitazamia, kwenye Biblia yake ya Kiswahili, tafsiri ile ya Union ya mwaka 1952. Huniazima mara kwa mara kwa kuwa naipenda lugha yake. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 2, yule mpendwa anafananishwa na mti wa matunda katikati ya miti ya msituni. Kiebrania kinatumia neno tappuah, ndugu wa tuffah la Kiarabu, ambalo ndilo tufaha letu. Wafasiri waliandika mpera. Katika Mithali 25, neno lile lile la Kiebrania wakaliandika machungwa. Mwanafunzi angefanya hivyo kwenye mtihani wangu zamani ningemtia alama nyekundu. Sasa naona walikuwa wakulima. Walijiuliza msomaji wa Kiswahili ana mti gani nyumbani ambao akisikia jina lake atasikia utamu, kivuli na harufu, wakampandia huo.

Na wafasiri hao hawakuwa wa kwanza. Pwani kwetu, tofaa si tunda la Ulaya. Ni lile tunda jekundu lenye umbo la kengele, nyama nyeupe na harufu ya waridi kwa mbali, ambalo maua yake yakianguka hugeuza ardhi yote kuwa mkeka wa waridi. Nimecheza juu ya mkeka huo. Wazee walipokea neno la Kiarabu, na badala ya kulia kwamba hawakupewa, walilivika jina hilo tunda walilokuwa nalo. Mzee akaniambia kwamba kwa wataalamu wa mimea tofaa la pwani na jambula la Kampala, ambalo sisi huita zambarau, ni wa ukoo mmoja. Mjukuu wangu, ambaye ulimi wake huwa zambarau kila msimu kwa mjambula wa jirani, alikuwa akila ndugu wa tofaa langu siku zote, bila yeye wala mimi kujua.

Tulipanda mpera. Ni mti mdogo, unatosha pembe yetu, hauogopi joto, na hauhitaji mwenzi ili uzae. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba anayepanda mti, anachokula ndege humo ni sadaka yake. Mwaka 2023 mpera ulizaa, na ndege walitangulia kula, sikuwafukuza.

Mwaka huo huo, mwezi wa kumi na moja, mzee alirudi kutoka Kabale na katoni ndogo. Ndani yake yalikuwamo matufaha kumi na moja. Yalikuwa marefu kidogo kwa umbo, ya manjano yenye wekundu uliopakwa upande wa jua. Aliyatazama mwenyewe kama bwana shamba anayekagua, kisha akatamka jina ambalo mchuuzi hakulijua na sisi hatukulijua kwa miaka kumi na mmoja: "Hajati, mti wako ni Anna."

Nilimwita mjukuu wangu, wakati huo ana miaka minane, nikampa moja. Nikamwambia: uliniuliza kwa nini Mungu hakutupa. Alitupa. Alitupa kwa kipimo, na kipimo cha tunda hili ni usiku wa kule juu. Mti wetu ulikuwa mzima siku zote. Sisi tulikuwa hatujaujua. Akala nusu, nusu nyingine akampelekea mama yake.

Ewe unayetaka kupanda mti nyumbani, usianze kwa kuuliza tunda lake lina rangi gani. Uliza unadai nini: baridi kiasi gani, nafasi kiasi gani, mwenzi au peke yake, na mikono ya nani itakayoutunza miaka kumi ijayo. Kisha jiulize kwa ukweli kama unacho. Ukikosa, kuuacha ni kuutendea haki. Na wewe unayelea mtoto, unayefundisha, unayeoa au kuolewa, unayeongoza watu: kabla hujamwita yeyote tasa, mvivu au mwenye moyo mgumu, hesabu kwanza kile ulichompa, ukilinganishe na kile alichokihitaji. Huenda umempa mengi, na lile moja halimo.

Mti tulioupanda mwaka 2012 bado umesimama pembeni mwa ukuta, majani yake nchani kama zamani. Hapa Kibuli haujazaa na sidhani utazaa. Sitaukata, na hakuna mtu nyumbani kwangu anayeuita tasa.